UZI: Pesa ya serikali ikikatwa, huwa inaenda wapi? Historia ya "hakuna pesa" kutoka Kitale hadi Bungoma

1/ Krismasi iliyopita tulikuwa kwa kukhu, Bungoma. Chakula kikaisha, chai ikaletwa, siasa ikaanza. Unajua vile huwa. Upande mmoja: serikali inatumia pesa ovyo, ikate. Upande wa pili: ukikata, wa kwanza kuumia ni maskini. Mimi nilikuwa upande wa pili. Dada yangu mkubwa, anayelima mahindi huko Kitale, alikuwa upande wa kwanza. Nilimwaga takwimu zangu zote. Akaweka kikombe chini akasema: "Papa, wewe ndiye ulisomeshwa na hiyo serikali. Mimi iliniambia nirudi nyumbani."

2/ Ananiita papa kwa sababu nilirithi jina la babu. Siku hiyo sikuwa na jibu, na ukweli ni kwamba hakuwa ananitania. Nimekaa na hilo neno lake miezi kadhaa, nikisoma. Huu uzi ni yale niliyopata. Ni mrefu, kwa hivyo chukua chai yako, kaa chini.

3/ Sheria moja: hapa hakuna jina la mwanasiasa wala chama. Sio uoga. Ni kwamba ukifuatilia hii hadithi kwa miaka 60 utaona kila kundi limewahi kukaa viti vyote viwili. Likiwa ndani ya serikali linasema "hakuna pesa". Likitoka nje linasema "pesa iko, imeibiwa". Kwa hivyo ukija kwenye majibu na bendera yako, nitakupita tu kama matatu iliyojaa.

4/ Tuanze mwanzo. Wakati wa mkoloni, mgonjwa alilipa shilingi 5 kwenye hospitali ya serikali. Mwaka 1965, miaka miwili hivi baada ya uhuru, ada hiyo ikafutwa. Mwaka huohuo serikali ilitoa Waraka Nambari 10, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Ahadi ya uhuru ilikuwa kupigana na maadui watatu: ujinga, umaskini na magonjwa. Kufuta zile shilingi 5 ilikuwa njia ya kuonyesha watu kwamba vita vimeanza.

5/ Halafu ikaja elimu. Mwaka 1974 karo ilifutwa kwa darasa la kwanza hadi la nne. Watoto wakafurika shuleni. Lakini shule hazikuwa na madarasa ya kutosha, na Hazina haikutuma pesa za kuyajenga. Unajua nini kilifuata? Shule zikaanza kutoza "pesa ya majengo". Mahali pengi hiyo pesa ilizidi karo iliyofutwa, na watoto wengi waliokuwa wameingia wakatoka.

6/ Nilimuuliza kukhu kuhusu 1974. Alikuwa na watoto katika madarasa ya chini. Akacheka kwanza. "Walituambia karo imeisha, tukaenda kwa furaha. Mwalimu akatoa karatasi ingine." Shika hiyo karatasi ingine, maana itarudi tena na tena katika hii hadithi. Serikali inaweza kukata bila kutamka neno kata. Inaahidi huduma, haitoi pesa, na gharama inateremka yenyewe hadi kwa mzazi.

7/ Mwaka 1979 yakaja maziwa ya shule. Aliyesoma enzi hizo anajua jina lake, anajua pakiti yake ya pembe pembe, na anajua vile tulivyoigonga ikapasuka mlio kama risasi. Mimi niliyawahi mwisho mwisho. Ndani ya miaka ya 1990 yalikatika. Hakuna mtu alikuja shuleni kutuambia yamekatwa. Siku moja lori halikuja, na wiki iliyofuata halikuja pia.

8/ Kwa nini lori halikuja? Hapa upande wa "kata" una hoja, na lazima tuiseme kwa haki. Bei ya kahawa ilipanda sana 1976 na 1977, halafu ikaanguka. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikaruka. Nchi ilikuwa imezoea matumizi ya miaka ya kahawa nzuri. Mwaka 1980 Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuchukua mkopo wa Benki ya Dunia wenye masharti ya kurekebisha uchumi. Pengo lilikuwa la kweli. Hakuna aliyelitunga.

9/ Swali likawa nani atajaza pengo. Mwaka 1986 ukatoka waraka wa serikali kuhusu uchumi, na mwaka 1988 waraka mwingine kuhusu elimu. Neno jipya likaingia masikioni mwa wazazi: kuchangia gharama. Serikali italipa mwalimu, mzazi atabeba vitabu, madawati na majengo. Kwa maandishi inasikika kama watu wawili wanaosaidiana kubeba gunia. Kwa nyumba kama yetu, baba akiwa kibarua wa shamba karibu na Kiminini, ilikuwa gunia lote.

10/ Tarehe 1 Desemba 1989 ada zikarudi hospitalini, miaka 24 baada ya kufutwa. Wapangaji hawakuwa watu wajinga. Asilimia 75 ya pesa ingebaki kwenye kituo kilichoikusanya, na 25 ingeenda kwa huduma za kinga katika wilaya. Wazo lilikuwa: mgonjwa analipa kidogo, dawa zinapatikana, kila mtu anafurahi.

11/ Kilichotokea ni kwamba wagonjwa walipungua. Watafiti waliohesabu waliona vituo vya afya vikipoteza karibu theluthi moja ya wagonjwa, na hospitali za wilaya zaidi ya hapo. Fikiria hilo polepole. Malaria haikupungua kwa theluthi Desemba hiyo. Watu walibaki nyumbani nayo.

12/ Na hii sehemu watu wengi wamesahau: Septemba 1990, miezi tisa tu baadaye, serikali ilisimamisha ada za wagonjwa wa kutwa. Wagonjwa wakarudi. Kuanzia 1992 ada zikaanza kurudishwa kwa awamu. Mwaka 2004 zahanati zikawekwa shilingi 10 na vituo vya afya shilingi 20. Mwaka 2013 hizo nazo zikafutwa. Yaani 1965 futa, 1989 rudisha, 1990 simamisha, 1992 rudisha, 2004 punguza, 2013 futa. Mtu akikuambia huu mjadala umeanza na serikali hii au ile, mpe hiyo orodha.

13/ Kumbuka pia 1989 ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Hakukuwa na upinzani bungeni wa kuuliza "kwani mmehesabu vipi?" Kukatwa kulikuja kama tangazo la redio. Ndiyo maana sipendi mtu akisema mabishano ya pande mbili ni kelele tupu. Hizo kelele wazazi wetu hawakuwa nazo.

14/ Sasa turudi kwa dada. Mwaka 1994 alikuwa darasa la nane, mimi la nne. Yeye alikuwa mwerevu kunishinda, na hilo hakuna anayelipinga nyumbani. Mwaka huo kulikuwa na pesa ya majengo, pesa ya michezo, pesa ya karatasi za mtihani wa muhula, na juu ya zote, ada ya kusajiliwa KCPE. Mama alikuwa na pesa ya mtoto mmoja. Mimi nilikuwa wa bei rahisi, halafu nilikuwa mvulana. Dada akaambiwa angoje mwaka mmoja. Mpaka leo anangoja.

15/ Nimeandika hiyo aya mara nne nikiifuta. Hatujawahi kuiongea vizuri. Lakini inahusu mjadala kwa sababu moja: katika hesabu za Hazina, 1994 hakuna mstari unaosema "msichana mmoja wa Trans Nzoia, amekatwa". Kwenye vitabu vya serikali panaonekana nafuu. Gharama yenyewe ilihama, ikaja kukaa jikoni kwetu.

16/ Na je, kweli hakukuwa na pesa? Kati ya 1990 na 1993, miaka ileile mama yangu alikuwa anaambiwa achangie gharama, nchi ililipa mabilioni ya shilingi kama fidia ya mauzo ya dhahabu na almasi nje ya nchi. Kenya haikuwa ikitoa dhahabu na almasi za kiasi hicho. Hiyo ndiyo kashfa ya Goldenberg. Mwaka 1993 bei za bidhaa zilipanda vibaya sana na shilingi ikaporomoka. Kwa hivyo "hakuna pesa" na "pesa imeibiwa" zilikuwa kweli zote mbili, kwa wakati mmoja. Watu hubishana kana kwamba lazima uchague moja.

17/ Ningeishia hapo, upande wangu ungekuwa umeshinda. Lakini kuna kukatwa kwingine kwa miaka hiyohiyo ambako kunanitatiza, na kunahusu Kitale moja kwa moja. Mahindi.

18/ Zamani bodi ya nafaka ilinunua mahindi kwa bei iliyotangazwa na serikali. Kusafirisha magunia kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali, na polisi barabarani walikiuliza. Mkulima wa Trans Nzoia alikuwa na mnunuzi wa uhakika, ingawa malipo yangeweza kuchelewa. Hasara za bodi zilikuwa mzigo mkubwa kwa Hazina. Wafadhili wakasukuma, na mwisho wa 1993 soko likafunguliwa. Kitale watu walilia. Wazee wa huko bado wanaiongea kama msiba.

19/ Lakini shuka barabara hiyo. Pita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, ufike Bungoma mjini kwa mtu asiye na shamba, anayenunua mahindi kwa gorogoro. Kwake vibali vilipoondoka, mahindi yalifika sokoni kirahisi. Akanunua, akapeleka posho mili, akapata unga wa bei ya chini kuliko ule wa pakiti uliokuwa na ruzuku. Wachumi waliofuatilia walisema hivyo hivyo: maskini wengi wa mjini walipata nafuu. Kukata kulekule, upande mmoja wa barabara kilio, upande mwingine afueni.

20/ Ndiyo maana siwezi kukuambia kila kukata ni dhambi. Kuna programu inayobeba jina la maskini na kumlisha mwingine. Dada anajua hizo vizuri kuniliko. Aliniambia: "Msaada wa serikali ni wa mtu ambaye jina lake liko kwa karatasi. Mimi jina langu liliondolewa kwa karatasi 1994." Alitaja mbolea ya ruzuku ya 2024, pale serikali yenyewe ilipokubali kwamba mifuko isiyo na ubora ilifikia wakulima. Na si hiyo tu. Mwisho wa 2009 wafadhili, Uingereza ikiwemo, walisimamisha pesa za elimu ya msingi baada ya ukaguzi kuonyesha nyingine zimepotea.

21/ Nikamwambia, lakini dada, wewe mwenyewe hupanga foleni ya hiyo mbolea. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000. Serikali ikauteremsha hadi 3,500, na mwaka 2023 hadi 2,500. Akanijibu bila kupepesa: "Mbolea si msaada. Mbolea ni mahindi unayokula." Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu hapo ndipo mjadala wote ulipo. Kila mtu anaona chake ni uwekezaji, cha mwenzake ni ubadhirifu. Mkulima anataka pesa za wazee ziangaliwe. Mwenye mama wa miaka 75 anayengoja zile 2,000 za kila mwezi anataka mbolea iangaliwe. Watu wachache sana wanapinga kukata. Tunabishana nani akatwe.

22/ Sasa tuone kinyume chake. Januari 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa nchi nzima. Mwaka 2002 wanafunzi walikuwa kama milioni 5.9. Mwaka 2003 wakawa kama milioni 7.2. Jiulize: hao watoto zaidi ya milioni moja walitoka wapi kwa mwezi mmoja? Hawakuzaliwa Disemba. Walikuwa nyumbani, shambani, sokoni, wakingoja kama dada. Mwaka uliofuata hapo Eldoret, mzee Kimani Maruge akiwa na miaka 84 akavaa kaptula na soksi akaingia darasa la kwanza. Dunia nzima ilimshangilia. Mimi nilipoona picha yake nilifikiria ile miaka yote iliyopita kabla mlango ufunguliwe.

23/ Serikali ilipanga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Sio kwa mwezi, kwa mwaka. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya mlango. Mwaka 2008 ikaja shule za upili za kutwa, shilingi 10,265 kwa mwanafunzi, na mwaka 2018 ikapanda hadi 22,244. Kwenye karatasi.

24/ Unakumbuka karatasi ya kukhu? Mwaka 2025 Hazina iliambia bunge waziwazi kwamba zile 22,244 haziwezekani, na kinachofika ni karibu 16,900. Toa moja kwa nyingine: zaidi ya shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi. Hiyo tofauti haijafutika. Mwalimu mkuu ana deni la mahindi na maharagwe, na mzazi anapewa orodha ya "michango ya hiari" ambayo mtoto akikosa anarudishwa nyumbani. Ni 1974 imevaa suti.

25/ Kabla ya hapo, Juni 2024. Mswada wa fedha ulitaka kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. Vijana wakaingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani. Tarehe 26 Juni mswada ukaondolewa. Siku chache baadaye tukaambiwa matumizi yatakatwa bilioni 177 na mkopo wa ziada utakuwa bilioni 169. Jumlisha: 346. Ile shimo ilikuwa palepale. Nusu ikawa huduma zilizopunguzwa, nusu ikawa deni. Upande unaokataa kodi, kukatwa na mkopo kwa pamoja unadanganya watu. Upande unaosema "tutakata tu" bila kusema wapi unadanganya pia.

26/ Deni lenyewe si mchezo. Miaka ya karibuni, kati ya kila shilingi 100 za kodi, zaidi ya 50 zimekuwa zikienda kulipa madeni. Mtu wa upande wa "kata" akikuambia tukiendelea hivi hata dawa hatutanunua, usimwite adui wa maskini. Muulize tu: unakata wapi kwanza? Kwa sababu katika historia hii yote, cha kwanza kuguswa kimekuwa maziwa, vitabu, dawa na marupurupu ya daktari mwanafunzi. Kumbuka mgomo wa madaktari wa 2024, siku 56. Mojawapo ya mambo ilikuwa malipo ya madaktari wa mafunzo: mkataba ulisema shilingi 206,000, serikali ikasema inaweza 70,000. Kule juu magari na safari huguswa mwisho, na kwa maneno.

27/ Je, kuna kipimo ambacho si cha bendera? Kipo, na tulikipigia kura sisi wenyewe 2010. Katiba, Kifungu cha 43, inataja haki ya afya, chakula, maji, elimu na hifadhi ya jamii. Halafu Kifungu cha 20(5), ambacho watu wengi hawajakisoma, kinasema serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki hizo, ni jukumu la serikali kuonyesha kwamba hazipo. Sio wewe uonyeshe kwamba zipo. Yeye aonyeshe hazipo. Na katika kugawa kilichopo, aangalie kwanza haki ifikie watu wengi iwezekanavyo, na walio dhaifu zaidi.

28/ Kwa hivyo ukisikia "hakuna pesa", kutoka kwa mtu yeyote, hata yule unayempenda, nina maswali matatu. La kwanza: hiyo gharama inahamia kwa nani? Kwa sababu haifi. La pili: umeonyesha aje kwamba pesa haipo, na ni nini umekata kabla ya hiki? La tatu: kama programu inavuja, kwa nini unaifunga badala ya kuziba? Nyumba ikivuja hatuihami kabla ya kupanda juu kuangalia bati.

29/ Na usingoje Juni. Juni bajeti inasomwa, keki iko tayari. Taarifa ya sera ya bajeti inafika bungeni kufikia tarehe 15 Februari. Ya kaunti inafika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio yanatoka kufikia 30 Aprili. Sheria inataka wananchi washirikishwe. Nimewahi kuhudhuria kikao kimoja, sitasema wapi. Tulikuwa watu wachache na soda nyingi. Wale wale tunaopiga kelele hapa mtandaoni hatukuwepo.

30/ Nimalizie na dada. Katika bajeti ya 2025 pesa ya ada za mitihani ya kitaifa haikuwepo mwanzoni. Wabunge wakairudisha, zaidi ya shilingi bilioni 5. Nilimpigia simu wiki hiyo kumuuliza maoni, nikijua yeye ni mtu wa "kata". Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku nyuma yake. Akasema: "Hiyo wasiguse. Zingine tutaongea, lakini hiyo wasiguse."

31/ Halafu akaniuliza swali ambalo nimelibeba tangu hapo. "Papa, wewe umesoma hesabu. Mimi nilipokaa nyumbani, serikali iliokoa shilingi ngapi?" Nikamwambia sijui, dada. Akasema, "Basi tafuta, uniambie." Bado natafuta. Ukikutana na mtu yeyote wa upande wowote anayetaka kukata kitu, muulize kwa niaba yake.